Kumlaza Usingizi Mgonjwa Aliye Kufani: Ni Huruma au ni Kuua?

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaligusa jambo ambalo familia nyingi hulizungumza kwa kunong'ona, koridoni hospitali au ngazini nyumbani, ili mgonjwa asisikie. Jambo lenyewe ni hili: mgonjwa ambaye hakuna tena dawa ya kumponya, na ambaye mateso yake yamekataa kutulia kwa dawa za kawaida, je, ni halali kumpa dawa ya kumlaza usingizi mpaka Mungu atakapomwita? Au kufanya hivyo ni kumwua kwa mkono wa upole?

Msimamo wetu tunautaja mapema ili msomaji atupime vizuri. Tunaamini kwamba kumlaza mgonjwa wa namna hiyo ni halali, na mara nyingine ni tendo la huruma lisilofaa kukwepwa, mradi masharti yake yatimizwe. Lakini tunaamini pia kwamba familia nyingi huifikia hatua hiyo kwa njia isiyofaa. Maumivu hayakutibiwa mapema, ukweli ulifichwa, padre hakuitwa, na sasa kwa kuwa wote wamechoka, ndipo inapoombwa sindano.

HALI YA MITAA YETU

Tuanzie hapa hapa Mchafukoge. Sisi tunaoishi kati ya Mnazi Mmoja, Kisutu na Kariakoo tunajua maana ya kuuguza ghorofani. Duka liko chini, familia iko juu. Umeme ukikatika, lifti, kama ipo, husimama, na mgonjwa hushushwa ngazi kwa kubebwa na vijana wanne. Chini kuna vipaza sauti vya wauza nguo, honi za bajaji na mikokoteni. Ndani kuna joto. Kuta ni nyembamba, hivyo mgonjwa akilia usiku wa manane, jengo zima linamsikia: Mkatoliki, Mwislamu na Mhindu. Asubuhi wote huja kuuliza hali, na kila mmoja huja na shauri lake.

Mwendo mfupi kutoka kwetu, ufukweni mwa bahari, ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la zamani lilifunguliwa na Wajerumani mwaka 1897, na mwaka 1996 ikawa taasisi ya kujitegemea kwa sheria ya Bunge. Huko ndiko kwa miaka mingi unga wa morfini umekuwa ukichanganywa kuwa dawa ya maji ya kunywa. Wagonjwa wengi wa saratani nchini mwetu hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekomaa, wengine baada ya kuzunguka kwa waganga na maduka ya dawa miezi mingi. Kwa hiyo wengi hawaponi, hurudishwa nyumbani. Na nyumbani ndiko swali letu linakozaliwa.

Huduma kwa wagonjwa wa namna hiyo siku hizi huitwa tiba shufaa, yaani kuutuliza mwili na kuisaidia roho hata kama ugonjwa hauondoki. Afrika Mashariki si mgeni wa huduma hii. Hospisi ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1990. Mwaka 1993 Dakta Anne Merriman alianzisha Hospisi ya Afrika nchini Uganda, na morfini ya maji ya bei nafuu ikawa msingi wa kazi yake. Mwaka 2004 Uganda ilibadili utaratibu wake ili wauguzi na matabibu waliosomea tiba shufaa waruhusiwe kuandika morfini. Hapa Dar es Salaam, Jimbo Kuu letu lina PASADA, iliyoanza mwaka 1992 kwa ajili ya wenye virusi vya UKIMWI, na kwa wengi wao kazi kubwa katika miaka ile ilikuwa ndiyo hiyo hiyo: kumsindikiza anayekufa.

TUELEWANE KUHUSU MANENO

Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu watu huita mambo matatu kwa jina moja la "sindano". Yafaa tuyatenganishe.

La kwanza ni kutuliza maumivu. Shirika la Afya Duniani mwaka 1986 lilitoa utaratibu wa kupanda ngazi: kwanza dawa nyepesi kama paracetamoli, kisha zenye nguvu kiasi kama kodeini, halafu morfini. Morfini ya maji hunywewa kila baada ya saa nne, kwa kipimo kinachoanzia chini na kuongezwa polepole. Siku mbili tatu za mwanzo mgonjwa husinzia, kisha mwili huzoea naye akaamka na kuongea na watu wake. Tatizo lisiloisha ni kufunga choo, na ndiyo maana hupewa pamoja na dawa ya kulainisha choo. Anayetumia morfini kwa kufuata kipimo cha daktari kwa ajili ya maumivu hahesabiwi kuwa mla unga, na dawa hiyo haiashirii kwamba kesho atakufa.

La pili ni kumlaza usingizi. Hili hufanyika pale tu ambapo dawa za kwanza zimetumika sawasawa na mateso bado hayajatulia: mgonjwa anabanwa pumzi kama mtu anayezama majini, au anaweweseka na kupigana na kitanda usiku na mchana, au maumivu yamekataa kila kitu. Hapo hupewa dawa ya usingizi, hasa midazolamu, na pasipokuwapo hiyo, diazepamu au fenobabitali. Hii si nusu kaputi ya chumba cha upasuaji. Kipimo huongezwa kidogo kidogo mpaka uso utulie, kisha hapo hapo huachwa kuongezwa. Wapo wanaolazwa usiku mmoja tu wapumzike, na wakiamka huonekana kama hali imepungua. Wapo walio katika siku au saa za mwisho, ambao hulala mpaka roho inatoka. Na jambo moja wengi hawalijui: morfini si dawa ya usingizi. Kumwongezea morfini mtu ambaye haumwi, eti ili alale tu, ni utabibu mbaya, maana ikizidi huweza kumwongezea kuweweseka.

La tatu ni kuua. Hapo dawa hutolewa kwa kipimo kinachokusudiwa kukomesha maisha. Uholanzi na Ubelgiji ziliruhusu jambo hilo kwa sheria zilizoanza kutumika mwaka 2002. Kwetu ni kosa la jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, humhesabu anayeharakisha kifo cha mtu mwenye ugonjwa wa kumwua kuwa ndiye aliyesababisha kifo hicho.

Basi, kati ya la pili na la tatu tofauti iko wapi? Iko katika nia, na nia hiyo huonekana katika matendo. Anayemlaza mgonjwa hutaka mateso yaishe, na mateso yakiisha mgonjwa angali hai, yeye amefaulu. Anayeua hutaka mgonjwa aishe, na mgonjwa akiamka kesho yake, yeye ameshindwa. Tazama kipimo cha dawa. Kama mgonjwa ametulia na bado mtu anaongeza, ana haki ya kuulizwa anatafuta nini.

KANISA LIMESEMA NINI

Wapo waumini wanaodhani kwamba Kanisa linawataka wafe wakiwa macho, wakisaga meno. Si kweli, na halijasema hivyo hata kidogo. Tarehe 24 Februari 1957, Papa Pio XII aliulizwa na madaktari wa dawa za usingizi kama ni halali kumwondolea anayekufa maumivu na fahamu, hata ikitazamiwa kwamba uhai utapungua. Alijibu ndiyo, kama hakuna njia nyingine na kama hali ya mgonjwa haimzuii kutimiza wajibu wake wa dini na wa maadili. Fundisho hilo lilirudiwa katika Tamko kuhusu Eutanasia la tarehe 5 Mei 1980. Likaingia katika Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2279, na katika waraka Evangelium Vitae wa Papa Yohane Paulo II wa mwaka 1995, ambao pia unaonya kwamba si sawa kumnyima anayekufa fahamu zake bila sababu nzito. Mwaka 2020 barua Samaritanus Bonus ikalitaja jambo hili kwa jina lake: kumlaza mgonjwa katika siku za mwisho ni halali, kwa ridhaa yake, kwa kipimo cha haja tu, na pasipo kukusudia kuua.

Msomaji aone kwamba mafundisho haya yana mikono miwili. Mmoja unaruhusu usingizi. Mwingine unasema fahamu ya mtu ni mali yake, hasa katika saa anapojiandaa kukutana na Muumba wake. Kuichukua bila sababu nzito ni kumnyang'anya.

HOJA TUNAZOZISIKIA

Hoja ya kwanza: "Mateso yana thamani, mwacheni ashiriki msalaba." Ni kweli kwamba Papa Yohane Paulo II mwaka 1984, katika barua Salvifici Doloris, alifundisha kwamba mateso yaliyopokewa kwa imani yanaunganishwa na ya Kristo. Na Injili zinasimulia kwamba Bwana alipopewa divai iliyochanganywa na manemane alikataa kuinywa. Lakini alikataa mwenyewe. Mgonjwa anayesema, "Nipunguzieni dawa nibaki na akili yangu nisali," tumheshimu na tumsaidie. Bali hakuna mama mdogo wala mwanajumuiya mwenye ruhusa ya kumchagulia mwingine msalaba huku yeye mwenyewe akimeza paracetamoli kwa kichwa kinachogonga.

Hoja ya pili: "Akilala tu, kafa." Madaktari wamelipima hili. Nchini Italia wagonjwa 267 wa saratani waliolazwa usingizi walilinganishwa na 251 wasiolazwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Nusu ya waliolazwa walifikisha siku 12 au zaidi katika huduma ile, na nusu ya wasiolazwa siku 9 au zaidi. Dawa ikipimwa vizuri, basi, haionekani kukifupisha kipindi kile. Kinachotokea ni kwamba usingizi hutolewa pale kifo kinapokuwa mlangoni, na ndugu wanaona sindano, halafu wanaona kifo, wanaviunganisha. Saratani iliyokuwa ikifanya kazi miezi minane inasahaulika.

Hoja ya tatu ni nzito zaidi, nasi hatuwezi kuipuuza: "Mlango huu mkiufungua, watapita wabaya." Naam, wanaweza kupita. Mtu aliyechoka kuuguza, au ambaye fedha zimemwishia, au anayesubiri fremu ya duka, anaweza kusema "mlazeni" akimaanisha jingine. Na wapo wanaokwenda dukani kununua vidonge vya usingizi bila cheti na kumpa mzee ili nyumba ilale. Tunasema wazi kwamba hilo ni baya na ni la hatari. Mgonjwa asiyemeza vizuri hupaliwa, pumzi husimama, na hakuna aliye karibu anayejua la kufanya. Lakini dawa ya ubaya huo ni masharti na usimamizi. Kama tukiukataa usingizi kabisa, atakayelipa ni yule anayebanwa pumzi usiku, naye hakumkosea mtu.

MASHARTI TUNAYOYASHIKA

Kwa maoni yetu familia ya Kikristo isikubali mgonjwa alazwe mpaka mambo haya yawepo.

Kwanza, daktari awe amethibitisha kwamba ugonjwa hauponi na kwamba kifo kimekaribia, kwa hesabu ya saa au siku.

Pili, njia nyingine ziwe zimejaribiwa. Ulizeni: je, amepata morfini ya kutosha? Kibofu kimejaa? Choo kimefunga? Mara nyingine mzee anayeweweseka anahitaji mpira wa mkojo tu, akatulia na kuomba chai.

Tatu, mwenyewe awe ameridhia angali na akili zake. Kama hawezi tena kusema, wasemaji wawe wale wanaojua alitaka nini. Swali lao liwe yeye angetaka nini, wala lisiwe wao wamechoka kiasi gani.

Nne, dawa itolewe na mtu aliyesomea, kipimo kiandikwe, na mgonjwa aangaliwe mara kwa mara.

Tano, huzuni na upweke pekee visitibiwe kwa usingizi. Mgonjwa anayesema "nimechoka kuishi" mara nyingi anasema "nimechoka kukaa peke yangu tangu asubuhi". Huyo anahitaji mtu wa kukaa naye.

KABLA HAJALALA

Sharti la tatu linatufikisha penye donda letu. Mgonjwa ataridhia nini ikiwa hajaambiwa anaumwa nini? Desturi yetu ni kumficha. Anaambiwa ni vidonda vya tumbo, na wanaotoka chumbani wanalia. Wanasema wanamhurumia. Sisi tunasema kwamba kumficha mtu kifo chake ni kumlaza usingizi wa namna nyingine, bila ridhaa na bila daktari, miezi kabla ya wakati.

Tazama mfanyabiashara wa Kariakoo. Biashara zetu nyingi huendeshwa kwa mali kauli: mzigo unatolewa, fedha zitaletwa, na ushahidi uko kichwani mwa mtu mmoja. Mtu huyo akilazwa kabla hajasema nani anamdai na yeye anamdai nani, amelala na riziki ya watoto wake na haki za watu wengine. Wajibu wa maadili aliousema Papa Pio XII mwaka 1957, katika mitaa yetu, una sura hiyo hiyo: daftari, wosia, funguo, na ndugu aliyegombana naye.

Halafu ziko Sakramenti. Mpako wa Wagonjwa unaweza kutolewa hata kwa aliyezimia, kama angali na fahamu angeutaka. Lakini kuungama kunahitaji mtu aliye macho, na Komunyo Takatifu, ile masurufu ya safari, inahitaji mtu anayeweza kumeza. Padre anayeitwa baada ya sindano amekuta milango miwili imefungwa. Na tuache hofu ya kwamba padre akipanda ngazi mgonjwa atakata tamaa. Tangu Papa Paulo VI alipoirekebisha ibada ile mwaka 1972, Mpako umekuwa wa wagonjwa wote wenye hali nzito, haungojei pumzi ya mwisho. Majirani zetu Waislamu wanalijua jambo hili kwa njia yao. Hutaka mtu wao alakiniwe shahada angali anasikia, na kwa hiyo nao huuliza swali hili hili la fahamu na dawa. Ghorofa moja, dini mbalimbali, hofu moja.

Mpangilio unaofaa, basi, ni huu: ukweli kwanza, maumivu yatulizwe, madeni na mapatano, Sakramenti, kuagana. Ndipo usingizi, kama bado unahitajika. Na familia zilizofuata mpangilio huu mara nyingi huona kwamba hauhitajiki.

AKISHALALA

Aliyelala si maiti, asiachwe. Ageuzwe kila baada ya saa chache asipate vidonda vya mgongo. Midomo na ulimi vilowanishwe kwa kitambaa safi au pamba yenye maji. Asinyweshwe uji kwa nguvu, kwani utaingia mapafuni. Kuhusu chakula na dripu, Kanisa linafundisha kwamba kulisha na kunywesha ni huduma ya kawaida ambayo mtu hanyimwi ili afe. Lakini mwili ukiwa hauvipokei tena, na maji yanajaa mapafuni au kuvimbisha miguu, si wajibu kuendelea. Daktari aulizwe kwa kila mgonjwa. Mkoromo wa mwisho huwatisha walio macho, ila mara nyingi yeye hausikii wala haumtesi. Kumlaza kiubavu husaidia.

Na aongelewe. Asalishwe Rozari kwa sauti ya chini. Ugomvi wa mirathi usifanyiwe kitandani pake kwa kisingizio kwamba amelala.

WAJIBU WETU

Tunamalizia kwa parokia na jumuiya. Si haki kumdai mtu afe kishujaa huku tumemwachia binti yake mmoja kazi ya kukesha wiki sita. Jumuiya Ndogo Ndogo zipange zamu za usiku: wawili Jumatatu, wawili Jumanne, mpaka Jumapili. WAWATA na wana wa Mtakatifu Vinsenti wajue ni nyumba gani ina mgonjwa wa kudumu, iko ghorofa ya ngapi, na nani atapanda na ndoo ya maji pampu ikiharibika. Waliosomea uuguzi wajitokeze. Na sote tuulize hospitalini, bila woga na bila kunong'ona, kama mgonjwa wetu amepata morfini. Na kama haipo, tuulize kwa nini haipo.

Mgonjwa asipoumwa bure na asipoachwa peke yake, maombi ya "mnilaze" yatakuwa machache, na ya "mniue" machache zaidi. Na kwa yule mmoja ambaye, baada ya yote hayo, mwili wake bado unamtesa kupita kiasi, familia iliyotimiza wajibu wake inaweza kumwitikia daktari, kumshika mgonjwa mkono, na kumwacha alale kwa dhamiri safi.